Ya Kukata, ya Kupaka, ya Kuvunja

"Yaya, unatafuta ya kukata ao ya kupakala?"

Swali hilo niliulizwa dukani Kolwezi, wiki moja kabla ya Noeli, nimesimama mbele ya friji ndogo ya kioo. Nilikuwa nimeomba "fromaji" tu, kama tunavyoomba sote hapa, nikidhani nimemaliza kusema. Muuzaji aliona kwamba bado sijasema kitu. Kwa vitenzi viwili akaipanga friji yake yote: huku zinazotaka kisu, huku zinazotaka mkate na mgongo wa kijiko. Nikachukua kidogo cha kila upande, nikafunga safari ya Sandoa kwenda kula feti na ndugu zangu, na swali lile likanifuata njia nzima.

Linanifuata hata leo, kwa sababu limenifundisha jambo ambalo kamusi hazikunifundisha. Anayetaka kuandaa sinia nzuri ya jibini kwa fedha kidogo, na aanze na maneno. Asiye na maneno hununua jina lililochapwa kwenye karatasi inayong'aa, na majina huuzwa ghali. Mwenye maneno huuliza kitu chenyewe: inakatika? inapakika? imekolea?

Kiswahili kina majina matatu ya chakula hiki, na kila moja lilikuja kwa njia yake. Jibini lilitoka kwa Waarabu, wanaosema jubn, likatua pwani, kisha likapanda bara ndani ya Biblia. Daudi, kabla hajakutana na Goliathi, anatumwa na baba yake ampelekee akida jibini kumi. Ayubu, katikati ya mateso yake, anamwambia Mungu kwamba alimgandisha kama jibini. Wengi wetu tulilisikia neno hili kanisani miaka mingi kabla ya kuionja jibini yenyewe. Chizi lilitoka kwa Waingereza, na ndilo linalosikika Nairobi na Dar es Salaam, ila linagawana kiti na chizi mwingine, mtu aliyerukwa na akili. Fromaji ni la kwetu, tuliosomeshwa kwa Kifaransa.

Na fromaji lina hadithi inayotuhusu sana. Kifaransa cha zamani kilisema formage, kutoka forma ya Kilatini, yaani kalibu. Walioliunda waliitazama jibini wakati inatoka kwenye chombo kilichoipa umbo. Sisi wa Lualaba tunayajua makalibu. Karne nyingi kabla ya kampuni za migodi, mababu wa nchi hii walimimina shaba iliyoyeyuka katika makalibu ya umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikawa fedha. Bendera ya Katanga ya 1960 ilibeba misalaba mitatu ya namna hiyo. Kitu kimiminika kinamiminwa, kinaganda, kinatolewa kwenye kalibu, kinakuwa mali ya kubeba na kuweka. Ndivyo ilivyokuwa kwa shaba, na ndivyo ilivyo kwa jibini. Kwa hiyo dukani nasema fromaji bila haya, na ninapoandika naandika jibini, neno linaloeleweka toka Kolwezi mpaka Lamu.

Lakini siri yote imo katika kitenzi: kuganda. Maziwa yanatiwa kigandishi, ambacho tangu zamani hutolewa katika tumbo la ndama. Yanaganda, bonge linakatwakatwa, maji yanachujwa, chumvi inatiwa, kinachobaki kinakandamizwa kwenye kalibu. Lita kumi hivi za maziwa ya ng'ombe hutoa kilo moja tu ya jibini ngumu. Hapo ndipo bei inapotoka, na aliyekwisha kujua hesabu hiyo halalamiki sana mbele ya mizani. Kisha jibini inawekwa, na kadiri inavyokaa uso wake unakauka na kuwa ganda. Kuganda, na ganda: masikioni mwangu maneno haya mawili hayakutani popote vizuri kama yanavyokutana hapa. Maziwa yanaganda mpaka yanaota ganda.

Ganda hilo ndilo la kwanza kulitazama unaponunua. Likiwa la nta, jekundu au la njano, kama kwenye Gouda nyingi, linaondolewa na haliliwi. Likiwa la ukungu mweupe laini, kama kwenye Brie na Camembert, linaliwa pamoja na kiini. Hizo za ukungu, hata hivyo, ni za mwenye friji isiyozimika, na mimi nilikuwa naelekea Sandoa. Mtu anaiacha reli Kasaji, anapanda kaskazini kwa gari, na Desemba kwetu ni mvua: njia ya siku moja huweza kula siku tatu. Ukungu mweupe haungefika salama. Nta hufika.

Basi nianze na ya kukata. Katika maduka yetu mara nyingi utakuta Gouda na Cheddar, nyingi zikiwa zimepitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka kusini. Gouda ni mji wa Uholanzi, Cheddar ni kijiji cha Uingereza, lakini majina hayo yamekwisha kuacha kuwa ya mahali, yamekuwa ya namna. Kiwanda chochote duniani kinaweza kuyatumia. Kwa hiyo usilipie jina, uliza umri. Na hapa Kiswahili kinatutosha kabisa, kwa sababu kinajua kuzungumza juu ya vitu vinavyokua. Jibini changa ni laini, ina utamu wa maziwa, inainama kabla ya kukatika. Jibini iliyokomaa ni ngumu, inamegeka, na ladha yake imekolea. Kukolea ni neno ninalolipenda kuliko yote hapa: chumvi hukolea, rangi hukolea, mazungumzo hukolea. Jibini iliyokolea ndiyo rafiki wa mfuko mdogo. Kipande chake ni ghali kidogo, lakini unakikata kama karatasi, na kila karatasi inajaza kinywa. Ile changa ya bei rahisi watu huila kama mkate, na inaisha kabla wageni wa pili hawajakaa.

Ulimi nao utenganishe maneno yake. Ukali ni sifa ya jibini iliyokomaa. Uchachu ni sifa ya ile changa, ndugu ya mtindi. Uchungu unaobaki kooni ni kasoro, na harufu inayochoma pua kama mkojo uliolala ni kasoro kubwa zaidi. Muuzaji akikubali kukuonjesha, onja. Asipokubali, soma nyuma ya karatasi: neno la kwanza katika orodha liwe maziwa au jibini. Likitangulia mafuta ya mimea, hiyo si jibini, ni mfano wake, hata kama picha ya mbele ni ng'ombe kwenye majani mabichi.

Na ukibahatika kukuta fromaji ya Masisi, chukua. Hiyo inabeba jina la mahali kwa haki. Milima ya Masisi, Kivu Kaskazini, hutoa magurudumu yanayofanana na Gouda. Ufundi uliletwa na Wabelgiji, ng'ombe na mikono ni ya kule. Inatoka katika nchi iliyoteswa na vita kwa miaka mingi, na bado kuna watu wanaoamka kukamua na kugandisha. Ni jibini ya kwetu Kongo, na ikikatwa kwenye sinia ya feti inastahili kutajwa kwa jina lake.

Sasa ya kupaka. Wengi wanaopenda jibini huidharau, nami naitetea. Mwaka 1911 huko Thun, Uswisi, Walter Gerber na Fritz Stettler waliiyeyusha jibini pamoja na chumvi maalumu zinazozuia mafuta na maji visitengane, wakapata jibini inayokaa muda mrefu bila kuharibika. Miaka kumi baadaye, 1921, Léon Bel alisajili Ufaransa La vache qui rit, ng'ombe anayecheka. Kiboksi chake cha mviringo chenye pembetatu za karatasi ya fedha hufika mpaka kwenye vibanda vilivyo mbali na kila friji. Jina lake sahihi kwa Kiswahili ni jibini ya kuyeyushwa, nalo si tusi. Shaba nayo huyeyushwa mara ya pili, na haipotezi ushaba wake. Pembetatu 8 zinakatwa katikati, zinakuwa 16, na watoto wote wa ua wanapata.

Kinabaki cha kuwekea jibini juu yake. Biskuti, au biskwi tunavyosema hapa, ni neno lililobeba maelekezo ya mapishi ndani yake: kwa Kilatini bis coctus, kilichopikwa mara mbili. Waingereza wao wana jina jingine kwa biskuti nyembamba za chumvi, la mlio wa kitu kinachovunjika. Kiswahili kinao mlio wake. Kitu hukauka kau, na Tanzania vipande vyembamba vya viazi au muhogo vilivyokaangwa huitwa kaukau. Naomba neno hilo lifike na huku. Biskuti za chumvi zilizosafiri kutoka nje ni ghali, na mara nyingi zinafika zimesagika. Kwa nini nizililie, wakati Sandoa ni nchi ya muhogo? Nilichukua muhogo mtamu, usiohitaji kulowekwa, nikaukata mwembamba, nikaukausha kwa kitambaa, nikaukaanga mpaka ukalia. Mkate wa juzi nao niliukata vipande, nikauweka juu ya babula yenye makaa yaliyopoa, nikaugeuza polepole. Ulikuwa umeokwa mara moja, nikaupika mara ya pili. Kwa maana ya Kilatini, ile ilikuwa biskuti halisi, na haikunigharimu kitu.

Chombo nacho kinataka jina. Wafaransa husema plateau, na sisi tunasema plato. Kuna wanaotafsiri "ubao wa jibini", lakini ubao unanipeleka shuleni. Mimi nasema sinia, kwa sababu sinia inajua kazi yake: watu kuizunguka na kila mkono kufika. Katikati niliweka jibini, gramu 40 kwa kila mtu mzima, kwa kuwa kuku na bukari vilikuwa vinafuata. Nilikuwa nimeitoa kwenye baridi saa nzima kabla, maana jibini baridi haina sauti. Pembeni nikaweka karanga za kukaanga, maembe, asali ya msituni, na chikanda. Chikanda hutengenezwa kwa viazi vya okidi za porini na unga wa karanga, hupikwa mpaka igande, kisha hukatwa vipande. Haina hata tone la maziwa, lakini ilikaa pale kama mwenyeji anayempokea mgeni: nayo ni ya kukata, nayo imeganda.

Mama Mkubwa alichukua kipande cha Gouda, akakigeuza mwangani, akagusa nta nyekundu kwa ukucha.

"Hii ganda yake, banakulaka?"

Nikamwambia hapana, ni nta. Akaimenya kwa kidole gumba, taratibu, kama anavyomenya ndizi, akaweka asali kidogo juu, akala. Hakuna aliyemfundisha neno. Alilitoa katika lugha yake mwenyewe, na lilikuwa lilelile nililolibeba kichwani kutoka Kolwezi.

Orodha yangu ya Noeli ijayo nimekwisha kuiandika, na haina jina hata moja la kiwanda. Ya kukata: kipande kimoja, iliyokolea. Ya kupaka: kiboksi kimoja. Ya kuvunja: nitapika mwenyewe, mara mbili.