Kigaeli na Televisheni ya Umma

Kigaeli cha Uskoti kilianza kupoteza watoto wake shuleni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1872 haikukitaja kabisa, na vizazi kwa vizazi vikasomeshwa kwa Kiingereza. Sensa ya mwaka 1891 ilihesabu wasemaji zaidi ya 250,000. Ile ya mwaka 2001 ilikuta hawafiki 59,000. Televisheni nayo ilipoingia majumbani, ikaleta Kiingereza hadi kando ya meko, mahali ambapo mwalimu hakuwahi kufika.

Wawelisi walitangulia kudai haki yao. Mwaka 1980 Gwynfor Evans, kiongozi wa Plaid Cymru, alitangaza kwamba angegoma kula hadi kufa iwapo serikali ingevunja ahadi ya kuanzisha kituo cha Kiwelisi. Serikali ilisalimu amri kabla ya siku ya mgomo, na S4C ikaanza kurusha matangazo Novemba 1982. Wagaeli, wachache mno kuitisha serikali, walipewa kwanza mfuko wa fedha kwa Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1990. Humo ndimo ilimozaliwa Machair, tamthilia ya kisiwa cha Lewis iliyotazamwa hata na wasiojua Kigaeli, kwa msaada wa tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Kituo chao wenyewe, BBC Alba, kilifunguliwa tarehe 19 Septemba 2008, miaka 26 baada ya kile cha Wawelisi.

Je, kimeiokoa lugha? Sensa ya mwaka 2022 inatoa majibu mawili. Uskoti nzima wasemaji wameongezeka, wakakaribia 70,000. Lakini katika Visiwa vya Magharibi, ngome ya mwisho ya Kigaeli, sehemu ya wakazi wanaokisema imeshuka kutoka asilimia 52 mwaka 2011 hadi asilimia 45. Lugha inapata wanafunzi mbali na visiwa huku ikipoteza majirani wa kuzungumza nao kisiwani.

Kituo hicho kimewapa Wagaeli ajira, hadhi na kumbukumbu ya sauti za wazee wao, na hayo si machache. Hata hivyo, televisheni husema bila kusubiri jibu. Mtoto akiitazama jioni nzima atakielewa Kigaeli; ili akiseme, lazima awepo mtu chumbani humo wa kumuuliza na kumjibu kwa lugha hiyo. Mtu huyo hawezi kuajiriwa kwa bajeti ya utangazaji.