Foleni ya Wake, Marufuku ya Waume

Tarehe 24 Januari 1979, mwalimu wa kike kutoka India alishuka kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow. Alikuwa na umri wa miaka 35 na alikwenda kuolewa na mchumba wake aliyekuwa akiishi London. Ofisa wa uhamiaji hakumwamini. Kwa mawazo yake, mwanamke wa Kihindi wa umri ule hawezi kuwa bado hajaolewa. Akaitwa daktari mwanamume, akampima ubikira, kisha mama yule akapewa ruhusa ya kukaa miezi mitatu. Gazeti la The Guardian lilichapa habari hiyo tarehe 1 Februari, na Waziri wa Mambo ya Ndani, Merlyn Rees, akatangaza kwamba upimaji wa aina hiyo ukome. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, walifukua majalada ya serikali na kukuta kwamba hakuwa peke yake: wanawake wasiopungua 80 walikuwa wamepimwa hivyo miaka ile, wengi wao hukohuko India walikoombea ruhusa.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha udhalilishaji na ubaguzi, na ndivyo kilivyo. Kinachosahauliwa ni sababu ya ofisa yule kutaka kujua kama mgeni wake ameolewa. Kwa kanuni za wakati huo, mchumba wa kike aliweza kuingia Uingereza bila cheti chochote cha awali. Mke hakuweza. Mke alitakiwa kubaki kwao, aombe cheti kwenye ubalozi, asubiri kuitwa kwenye mahojiano, na kungoja huko kuliweza kupita mwaka mzima. Kwa hiyo serikali iliyojenga foleni ndefu ilianza kumshuku kila aliyepita mlango mwingine kwamba anakwepa foleni. Mwalimu yule alishukiwa kuwa mke aliyejifanya mchumba.

Foleni hiyo ina tarehe ya kuzaliwa, na tarehe yenyewe haiko mbali na habari za Nairobi.

Hadi mwaka 1962 raia wa Jumuiya ya Madola aliweza kuingia Uingereza na kufanya kazi bila kuulizwa. Sheria ya mwaka huo iliweka vocha kwa wafanyakazi, ikaacha wazi mlango wa wake na watoto wa chini ya miaka 16. Matokeo yake yaliwashangaza wenyewe waliotunga. Wanaume wa Punjab, Mirpur na Sylhet, huko Bara Hindi, ambao walizoea kwenda kufanya kazi miaka michache na kurudi makwao, waliona mlango unafungwa nyuma yao, wakaamua kukaa na kuwaita wake zao. Sheria ya kupunguza wahamiaji ikazaa familia za wahamiaji.

Kisha ikaja 1968. Kenya ilikuwa imewapa Wahindi wake miaka miwili baada ya uhuru waamue kama wanataka uraia, na wengi walibaki na pasipoti za Uingereza. Sheria za uhamiaji na za leseni za biashara za mwaka 1967 zilipoanza kuwabana wasio raia, maelfu walifunga mizigo. Wenye maduka ya Biashara Street, Nairobi, na makarani wa reli walijaza ndege za kwenda London, wakiwa na pasipoti halali mkononi. Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, James Callaghan, alipeleka muswada bungeni, na kwa siku tatu tu ukapita mabaraza yote mawili na kuwa sheria tarehe 1 Machi. Tangu hapo pasipoti ya Uingereza haikutosha. Ilibidi mwenye nayo, au mzazi, babu au bibi yake, awe amezaliwa Uingereza au amepata uraia hukohuko. Waliobaki walitengewa vocha 1,500 kwa mwaka.

Vocha zile zilipewa wakuu wa kaya, na mkuu wa kaya alidhaniwa kuwa mwanamume. Mwanamke aliyeolewa, hata kama pasipoti ya Kiingereza ilikuwa yake na mumewe hana, hakuhesabika. Huku Kenya mtu amenyimwa leseni ya duka, kule anaambiwa zamu yake bado, miaka inapita. Wapo waliopanda ndege bila vocha, wakarudishwa, wakapanda tena, wakawa wanarushwa kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine. Wahindi 31 wa Afrika Mashariki walifikisha malalamiko yao kwenye Kamisheni ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Miongoni mwao walikuwamo waume waliozuiwa kuwafuata wake zao waliokwisha kuingia Uingereza. Mwaka 1973 Kamisheni ilisema kumbagua mtu hadharani kwa rangi yake, kwa namna ile, kunaweza kuwa udhalilishaji unaokatazwa na Mkataba wa Haki za Binadamu wa Ulaya. Taarifa yenyewe ilifungiwa kabatini hadi mwaka 1994. Ukitaka kujua serikali inaionea aibu hukumu gani, angalia imeificha kwa muda gani.

Mwaka 1969 Callaghan huyohuyo alifanya mambo mawili. Mwezi Januari alipiga marufuku waume wa kutoka Jumuiya ya Madola kuwafuata wake zao walioko Uingereza, isipokuwa kwa sababu za pekee. Baadaye mwaka huo sheria ya rufaa za uhamiaji iliongezewa kifungu kinachowataka wake na watoto wawe na cheti cha kuingia kabla ya kusafiri. Marufuku ya waume iliondolewa na Roy Jenkins, Waziri wa Mambo ya Ndani, mwaka 1974, wanawake wa Uingereza walipolalamika kwamba kaka zao wanaoa nje na kurudi na wake, wao wakiolewa nje wanaambiwa wahame. Kifungu cha cheti hakikupigiwa kelele sana, kwa kuwa kilionekana kuwa jambo la makaratasi. Naamini ndicho kilichofanya kazi kubwa zaidi. Mahojiano yaliyokuwa yakifanyika Heathrow, mbele ya mume, wakili na mbunge aliyeweza kupigiwa simu, yalihamia Dhaka na Islamabad, ambako mama wa kijijini alikuwa peke yake mbele ya ofisa na mkalimani.

Sheria kuu ya mwaka 1971 iliahidi kwamba wanaume wa Jumuiya ya Madola waliokuwa wamekwisha kuhamia Uingereza ilipoanza kutumika, tarehe 1 Januari 1973, hawatapunguziwa uhuru wao wa kuwaleta wake na watoto. Haki ikabaki kwenye karatasi. Lakini idadi ya maofisa wa kuhoji ilipangwa na London, na maofisa wakiwa wachache, haki inaweza kucheleweshwa bila kifungu hata kimoja kubadilishwa. Mke aliulizwa nyumba ya mkwewe ina vyumba vingapi na nani alihudhuria harusi. Mtoto aliulizwa maswali yayo hayo katika chumba kingine. Majibu yakipishana, ombi lilikataliwa kwa hoja kwamba watu hawa si familia. Watoto walipigwa picha za eksirei ya mifupa ili umri wao ukadiriwe, hadi kitendo hicho kikaachwa mwaka 1982. Ombi likikataliwa, rufaa nayo ilikuwa na foleni yake.

Ukweli wa familia hizi ulikuja kuthibitishwa na maabara. Mwaka 1985 Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester alitumia uvumbuzi wake wa alama za vinasaba kumsaidia kijana wa Kighana ambaye Wizara ya Mambo ya Ndani ilikana kwamba ni mtoto wa mama yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kipimo cha vinasaba kumaliza mgogoro wa kisheria, kabla hakijamkamata mhalifu yeyote. Baadaye familia za Sylhet zilizokataliwa miaka ya nyuma zilipimwa, na nyingi zikaonekana zilikuwa zikisema kweli. Kwa baadhi ya watoto ilikuwa kuchelewa kupita kiasi: walikwisha kuvuka miaka 18, na mtu mzima hakuwa na haki ya kuja kama mtoto.

Waume walikuwa na mkasa wao. Serikali ya Margaret Thatcher ilirudisha vikwazo mwaka 1980. Mwanamke aliruhusiwa kumleta mume ikiwa tu ni raia aliyezaliwa Uingereza au mwenye mzazi aliyezaliwa huko, na mume alitakiwa athibitishe kwamba lengo lake kuu la kuoa si kuingia Uingereza. Hebu fikiria mtu anayethibitisha kutokuwa na nia. Akiulizwa kama angependa kuishi na mkewe Birmingham akajibu ndiyo, amejifunga. Akisema hapana, anaulizwa kwa nini basi anaomba viza.

Wanawake watatu walikwenda Strasbourg: Nargis Abdulaziz mzaliwa wa Malawi, Arcely Cabales kutoka Ufilipino na Sohair Balkandali kutoka Misri. Wote waliishi Uingereza kihalali, na wote walinyimwa waume zao. Serikali ilijitetea kwamba inalinda ajira, kwa kuwa waume hutafuta kazi kuliko wake. Tarehe 28 Mei 1985 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikataa utetezi huo na kusema wanawake hao wamebaguliwa kwa jinsia yao. Ulikuwa ushindi mkubwa, nao ulidumu wiki chache. Wizara ilisawazisha mambo kwa kuchukua masharti yaliyowabana waume na kuwatwika wake pia. Mke naye sasa alitakiwa athibitishe lengo la ndoa yake. Mwaka 1988 ile ahadi ya sheria ya 1971 ikafutwa. Usawa ulipatikana, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyeuomba kwa namna hiyo.

Kabla msomaji wa Dar es Salaam hajatikisa kichwa, akumbuke kwamba Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa ndoa, na haimpi mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania. Kenya ilikuwa vivyo hivyo hadi Katiba ya 2010 ilipofungua njia kwa wote, baada ya miaka saba ya ndoa.

Huko Uingereza, sharti la lengo kuu la ndoa lilifutwa mwezi Juni 1997, serikali ya Labour ilipoingia madarakani. Kwa miaka michache mambo yalilegea, ingawa mwaka 2008 umri wa chini wa kuomba ulipandishwa kutoka miaka 18 hadi 21 kwa hoja ya kuzuia ndoa za kulazimishwa. Mahakama ya Juu ililitengua sharti hilo mwaka 2011. Tangu mwisho wa 2010 mwombaji anatakiwa pia awe amefaulu mtihani wa Kiingereza. Mjamaika amesamehewa mtihani huo kwa pasipoti yake tu. Mkenya aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi hajasamehewa, labda awe na shahada iliyofundishwa kwa lugha hiyo na ikahakikiwa.

Kisha lango likaanza kupimwa kwa fedha. Tarehe 9 Julai 2012, Theresa May akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ilianza kanuni kwamba anayemleta mwenzi lazima awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka, na pauni 22,400 akiwa na mtoto mmoja asiye raia. Mwenye akiba tu alitakiwa aonyeshe pauni 62,500. Kima cha chini cha mshahara wakati huo, kwa saa 40 kwa wiki, hakikufika 13,000. Mshahara ambao mwenzi wa nje angeweza kulipwa baada ya kufika haukuhesabiwa, hata akiwa daktari. Walioumia zaidi walikuwa wanawake, vijana na watu wa mikoa yenye mishahara midogo. Yaani muuguzi msaidizi wa Sunderland alipoteza haki ambayo karani wa benki wa London alibaki nayo. Wakati huohuo Mfaransa au Mpolandi aliyefanya kazi Uingereza alimleta mkewe Mkenya bila sharti hilo, kwa sheria za Umoja wa Ulaya. Waingereza wengine walihamia Dublin kwa miezi kadhaa, wakafanya kazi huko, kisha wakarudi na wenzi wao wakitegemea hukumu ya Mahakama ya Ulaya katika kesi ya Surinder Singh ya mwaka 1992, iliyowapa wanaorudi hivyo haki zilezile. Njia hiyo nayo ilizibwa Uingereza ilipojitoa kwenye Umoja.

Mwezi Februari 2017 Mahakama ya Juu ilikiri kwamba kanuni ya kipato inaleta taabu kubwa kwa familia nyingi, lakini ikasema si haramu yenyewe. Ilichokosoa ni jinsi maslahi ya watoto yalivyopuuzwa.

Leo foleni haina watu waliojipanga nje ya ubalozi. Mwombaji wa Nairobi au Dar es Salaam anapimwa kifua kikuu, anachukuliwa alama za vidole, anapakia nyaraka kwenye mtandao na kungoja. Lengo la wizara kwa wanaoomba wakiwa nje lilikuwa wiki 12. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipowachukua wafanyakazi wa kitengo cha viza, likawa wiki 24. Kwa kulipa nyongeza faili linaweza kuangaliwa mapema. Ada ya viza kwa mwaka 2025 ilikuwa pauni 1,938, na mchango wa huduma za afya pauni 3,105 kwa kipindi cha kwanza. Baada ya kufika, miaka mitano ya vibali viwili hupita kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu, na kwenye kila hatua ada inadaiwa upya.

Mwezi Desemba 2023 Waziri wa Mambo ya Ndani, James Cleverly, alitangaza kwamba kiwango cha kipato kitapanda hadi pauni 38,700. Wachumba waliokwisha kupanga harusi walishtuka, na makelele yalipozidi serikali ikaamua kupanda kwa ngazi, ikianzia pauni 29,000 tarehe 11 Aprili 2024. Wenye akiba pekee wakatakiwa waonyeshe pauni 88,500. Serikali ya Labour iliyoingia Julai mwaka huo ilisimamisha ngazi zilizobaki na kuiomba Kamati ya Ushauri wa Uhamiaji ipitie suala zima. Juni 2025 kamati ilionyesha viwango kadhaa vilivyo chini ya 29,000, kutegemea serikali inatanguliza familia au uchumi, ikawaachia mawaziri wachague. Kwa wanandoa waliotuma maombi tarehe 10 Aprili 2024, hata kuongeza kibali kunapimwa kwa pauni 18,600 ileile ya zamani. Waliotuma siku iliyofuata, pengine kwa kuwa cheti cha ndoa kilichelewa kutafsiriwa, wanapimwa kwa pauni 29,000.