Mionzi Haisubiri Daladala

Neno saratani tulilipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni kaa, huyu huyu wa baharini mwenye magando. Wagiriki wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa. Mtaani sisi tunasema kansa, basi.

Tiba zake kubwa ni tatu: kisu, mionzi na dawa. Kisu ndicho cha kale kuliko zote, ila kabla ya nusukaputi kuenea katika karne ya 19, mtu alikatwa akiwa macho. Mionzi ilifuata. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua eksirei kule Ujerumani. Miaka hiyo hiyo Wajerumani walikuwa wanajenga hospitali ufukweni Dar es Salaam, ikakamilika 1897, na Robert Koch akafanyia humo utafiti wa malaria. Nani angejua kwamba majengo yale yangekuja kuwa nyumba ya mionzi? Mwaka 1996 sheria iliyafanya Taasisi ya Saratani Ocean Road, na kwa miaka mingi nchi nzima ilitegemea mashine za pale.

Dawa zina historia iliyo karibu nasi zaidi. Pale Mulago, Kampala, Denis Burkitt aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa unaua watoto. Mashine ya mionzi hakuwa nayo, akajaribu dawa, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Moja ya dawa zinazotibu uvimbe huo mpaka leo, vinkristini, inatoka kwenye ua la Madagaska, lile la waridi au jeupe lenye petali tano. Nyua nyingi za Pwani zinalo, watu wanalipita tu.

Sasa tuje Kibaha na Kisarawe. Kibaha kuna Tumbi, hospitali ya rufaa ya mkoa. Kisarawe kuna hospitali ya wilaya. Uvimbe unaweza kushukiwa huko huko, lakini mionzi lazima uifuate mjini. Kwenye ramani si mbali: Kibaha ni kama kilomita 40 kwa Barabara ya Morogoro, na Kisarawe ni kuipita Pugu tu. Mgonjwa wa Kigoma kila mtu anaona ametoka mbali. Wa Kisarawe ni rahisi kuambiwa, "Mama, wewe si wa hapa hapa?"

Hapo ndipo hesabu inapotudanganya. Mionzi haitolewi siku moja ikaisha. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, kawaida ni siku tano kwa wiki, wiki kama tano. Dozi hugawanywa ili seli nzima zipate nafasi ya kujitengeneza, kwa sababu za saratani haziwezi kujitengeneza vizuri kama hizo. Ukikatiza, zile zilizobaki zinaota tena. Kwa hiyo "hapa hapa" ni safari 25 za kwenda na 25 za kurudi, na nauli ni ya watu wawili, maana mgonjwa hasafiri peke yake. Mwili nao unazidi kuchoka kadiri wiki zinavyosonga. Mama anayeishi kwa kuuza mihogo, wiki ya tatu nauli anaitoa wapi?

Na mashine za kobalti zina jambo lao. Nguvu ya chanzo chake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na kidogo. Kikizeeka, kila mgonjwa hulala chini ya mashine muda mrefu zaidi, foleni inarefuka, na wa daladala anafika kwake usiku.

Ndiyo maana kipimo cha siki kwenye mlango wa kizazi, kinachoweza kufanyika kituo cha afya, na chanjo ya HPV waliyoanza kupewa wasichana nchini mwaka 2018, navyo ni sehemu ya historia hii. Vinamwondolea mtu zile safari 50 kabla hazijaanza. Ila kwa mama ambaye ameshaugua, bado kuna kesho asubuhi, kituo cha daladala, na nauli ya wawili.