Njia za wagema: kuendesha baiskeli katika mashamba ya minazi pembezoni mwa Dar es Salaam

Na Mwandishi Wetu

ANAYEVUKA kwa kivuko kutoka Magogoni kwenda Kigamboni asubuhi na mapema, kisha akaiacha barabara ya lami na kushika njia za mchanga za kuelekea kusini, hatakosa kukutana na baiskeli zilizofungwa madumu kwenye keria. Katika baadhi ya madumu hayo hamna maji wala mafuta ya taa. Mna tembo la mnazi lililogemwa alfajiri, nalo linapelekwa vilabuni kabla halijachacha.

Njia hizo ndizo zinazofaa kujulikana na mkazi wa jiji anayetaka kuendesha baiskeli nje ya lami. Duniani, mchezo wa baiskeli za milimani na mashamba ya mvinyo vimezoeana siku nyingi. Mchezo wenyewe ulianza katika miaka ya 1970 kwenye miteremko ya Mlima Tamalpais, California, katika jimbo la Marekani lenye sifa kubwa ya zabibu, na mwaka 1996 ukaingizwa katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Atlanta. Nchini Afrika Kusini, mashindano ya Cape Epic, yaliyoanza mwaka 2004, huwapitisha waendeshaji katika milima na mashamba ya mizabibu ya Rasi ya Magharibi.

Tanzania nayo ina zabibu zake mkoani Dodoma. Lakini pwani ina kinywaji chake, na mti wake ni mnazi. Tofauti iliyopo ni kwamba njia za huku hazikuchongwa kwa ajili ya mchezo. Zilifunguliwa na wagema, wakulima na wachuuzi waliokuwa na haraka ya kufika sokoni.

Tembo halisubiri

Mgema hapandi mnazi kwa ajili ya nazi. Hutafuta karara changa ambalo halijafunguka, akalifunga kwa kamba ili lisipasuke, kisha akalikata ncha kwa kotama. Utomvu hudondoka tone kwa tone katika kibuyu au chupa iliyofungwa hapo juu. Kila asubuhi na jioni hupanda tena, akamimina kilichokusanyika na kulikata karara upya kipande chembamba ili jeraha lisizibe. Karara linalogemwa halizai nazi; mwenye shamba hana budi kuchagua kati ya nazi za baadaye na tembo la leo.

Utomvu unapotoka ni mtamu. Hata hivyo, hamira ya asili iliyomo kibuyuni na hewani huanza kuugeuza papo hapo. Baada ya saa chache huwa kileo, na ukilala siku moja au zaidi huelekea kuwa siki. Ndiyo sababu dumu la tembo halifungwi kwa kukazwa, maana hewa inayozalishwa ndani yake inaweza kulipasua. Ndiyo sababu pia mgema na mchuuzi hawakuweza kutegemea gari linalopita mara moja kwa siku. Walihitaji chombo kinachopita katika njia nyembamba kati ya shamba na shamba, kisichohitaji petroli wala kumsubiri dereva. Kwa miaka mingi chombo hicho kilikuwa baiskeli, kabla ya pikipiki kuchukua sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Mahali pa kuendesha

Ramani za utawala za zamani huweza kumpotosha mgeni. Eneo lote la ng'ambo ya kivuko lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Temeke hadi Kigamboni ilipofanywa wilaya inayojitegemea. Kwa upande wa kaskazini na magharibi, Ubungo nayo ilikatwa kutoka Kinondoni. Mabadiliko hayo yalikamilika mwaka 2016, mwaka ambao pia Daraja la Nyerere lilifunguliwa kuiunganisha Kigamboni na Kurasini.

Upande wa kusini ndio wenye minazi zaidi. Njia huanzia Mjimwema na kufuata pwani hadi Gezaulole, jina ambalo kwa Kizaramo maana yake ni "jaribu uone". Gezaulole ilijulikana nchini katika miaka ya 1970 kama kijiji cha Ujamaa, na jirani yake ni Mbwamaji, makazi ya kale ya Waswahili. Kusini zaidi ziko Kimbiji na Pembamnazi, kata ambayo jina lake lenyewe limebeba mti huo. Huku ardhi ni tambarare na hakuna kilima cha kumtisha mtu. Kinachomchosha mwendeshaji ni mchanga.

Upande wa kaskazini, katika Kinondoni, minazi ya Msasani na Mikocheni imebaki michache katika nyua za nyumba. Jina la Mikocheni limetokana na mikoche, jamaa ya mnazi, na ndipo ilipo taasisi ya utafiti wa kilimo iliyotokana na mpango wa taifa wa kuendeleza minazi ulioanza mwaka 1979. Anayetaka njia za udongo hana budi kufika Boko, Bunju na Mabwepande, ambako ardhi huanza kupanda na kushuka. Huko liko Pori la Akiba Pande, lililopewa hadhi hiyo mwaka 1990. Haliingiliwi bila kibali.

Kwa anayependa kupanda vilima, Pugu na Kisarawe, magharibi ya jiji, ndiyo mazoezi yenyewe. Vilima hivyo vina msitu wa asili ambao ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani, nao unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Ni vyema kupitia langoni na kulipa kiingilio, badala ya kujipenyeza katika njia za wakata mkaa.

Jinsi ya kupita mchangani

Udongo wa kichanga unaoupendeza mnazi ndio huohuo unaomwangusha mwendeshaji mgeni. Baiskeli ya kawaida ya magurudumu ya inchi 28, yenye matairi membamba, huzama. Ile ya milimani, yenye matairi mapana, hupita kwa urahisi zaidi. Wenyeji hupunguza upepo kidogo ili tairi litandae, huweka gia nyepesi kabla ya kuingia mchangani wala si baada ya kukwama, na hawaukazi usukani. Mwendo usikatike: anayesimama katikati ya mchanga mara nyingi hulazimika kushuka na kusukuma.

Majira nayo yana neno. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, mabonde hujaa maji na njia za udongo wa mfinyanzi hunata. Siku chache baada ya mvua kukatika, mchanga huwa umeshikamana na ndio wakati mzuri kuliko yote. Wakati wa kiangazi ni heri kuondoka alfajiri, kwa sababu kivuli cha mnazi ni haba na jua la saa sita halina huruma. Mwendeshaji achukue maji ya kutosha, pampu, viraka na gundi, kwani miiba ya mashambani haichagui baiskeli.

Adabu nayo ni sehemu ya safari. Njia nyingi hupita katikati ya mashamba ya watu na mbele ya milango yao. Atakayebisha hodi na kusalimia wazee hupewa njia na maelekezo pia. Dafu huangushwa kwa ruhusa ya mwenye mnazi. Ama tembo, anayetaka kulionja afanye hivyo baada ya kufika, wala si kabla ya kurudi barabarani. Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwendeshaji anayejisifu kwamba hajalewa naye huishia mtaroni.

Njia zinazoziba

Jambo linalopaswa kumsumbua msomaji ni kwamba njia hizi zinapungua. Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, minazi ilikuwa karibu na bandari. Tangu wakati huo imekuwa ikisogezwa nje kadiri mji unavyokua. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 katika mkoa huu. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulipima maeneo kama Kibada na Toangoma upande wa kusini, na Bunju na Mbweni upande wa kaskazini. Watu walihitaji makazi, na viwanja vilivyopimwa ni bora kuliko ujenzi holela. Lakini mwenye kiwanja kipya huanza kwa kujenga ukuta, na mara nyingi ukuta hukatiza njia iliyokanyagwa na vizazi vitatu.

Adui wa pili ni maradhi. Ugonjwa wa kunyong'onyea, unaosababishwa na vijidudu vinavyoishi katika mishipa ya mti, umeua mamilioni ya minazi katika pwani ya Tanzania. Nazi changa hupukutika, majani hugeuka manjano, kisha kichwa chote huanguka na kuacha gogo tupu. Hakuna tiba ya kuuponya mti ulioambukizwa shambani. Na kwa kuwa mnazi mrefu wa kienyeji huchukua miaka sita au zaidi kuanza kuzaa, wapo wanaoona ni nafuu kuuza shamba kuliko kupanda upya. Shamba likiuzwa, mgema huondoka, na njia yake humfuata.

Sheria haikulisahau jambo hili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitambua njia inayotumiwa na jumuiya, na imeweka utaratibu wa kuiombea ulinzi kwa Kamishna wa Ardhi. Lakini njia isiyochorwa katika ramani ya mpima ni rahisi kusahauliwa, na huchorwa tu pale wanaoitumia wanapojitokeza kwenye ofisi ya serikali ya mtaa wakati upimaji unafanyika. Mgema peke yake, aliye juu ya mti tangu alfajiri, hana nafasi hiyo. Waendesha baiskeli wa mjini, ambao sasa wanazifurahia njia zake siku za Jumapili, wanayo.