Ulezi wa vijana Bujumbura: Funzo kutoka Kamenge

Vita vilipoigawa Bujumbura mtaa kwa mtaa, kituo kimoja kaskazini mwa jiji kiliendelea kuwakutanisha vijana wa pande zote. Historia yake inasaidia kueleza ulezi wa vijana katika jamii ni nini, na kwa nini huhitaji uvumilivu.

Ulezi wa vijana ni nini?

Ni utaratibu unaomuunganisha kijana na mtu mzima ambaye si mzazi wake, ili amwongoze katika masomo, kazi na mwenendo. Anachotoa mlezi kwanza si fedha bali muda wake.

Nchini Burundi fikra hiyo si ngeni. Katika mila ya ubushingantahe, mtu aliyetarajiwa kuingia katika baraza la wazee wasuluhishi wa kilimani hakuteuliwa kwa siku moja. Alichunguzwa kwa miaka, akiongozwa na mzee aliyemdhamini, hadi jamii iliporidhika kwamba ni mkweli, mwenye kiasi na mpenda haki. Ndipo alipokula kiapo hadharani. Mkataba wa Amani wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, ulitaka taasisi hiyo irejeshewe hadhi yake.

Mitaa iliyotengana

Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa Juni 1993, aliuawa tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo. Katika vita vilivyofuata, majirani walikimbiana. Kamenge na Kinama ikajulikana kuwa mitaa ya Wahutu, na Ngagara kuwa mtaa wa Watutsi. Magenge ya vijana, likiwemo lile la Watutsi lililoitwa Sans Échec, yalitia hofu mitaani. Mwaka 1995, operesheni ya jeshi iliwafanya wakazi wengi wa Kamenge wayahame makazi yao.

Kijana asiye na shule, asiye na kazi na asiye na mtu mzima wa kumsikiliza alikuwa rahisi kushawishiwa kubeba silaha. Huyo ndiye aliyelengwa na Kituo cha Vijana cha Kamenge, kijulikanacho kwa Kifaransa kama Centre Jeunes Kamenge, kilichoanzishwa mapema katika miaka ya 1990 na wamisionari wa Kikatoliki wa shirika la Waksaveri. Padri Claudio Marano, raia wa Italia, alikiongoza kwa miaka mingi.

Milango ilikuwa wazi kwa vijana wa kila kabila na kila dini, kutoka mitaa ya Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara, Gihosha na Buterere. Walipata maktaba, viwanja vya michezo, mafunzo ya lugha na kompyuta, muziki, maigizo na semina za amani. Aliyefuata kitabu au mpira alimkuta huko kijana wa mtaa aliokatazwa kuukanyaga. Mwaka 2002 kituo kilitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood, itolewayo nchini Sweden, kwa juhudi zake za kuvuka migawanyiko ya kikabila.

Utafiti unaonyesha nini?

Nchini Marekani, mpango wa Big Brothers Big Sisters, wenye mizizi iliyoanzia New York mwaka 1904, umechunguzwa kwa kina. Utafiti wa mwaka 1995 uliwafuatilia vijana 959 wenye umri wa miaka 10 hadi 16. Waliopewa mlezi walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 46 wa kuanza kutumia dawa za kulevya, na walitoroka shule mara chache zaidi ya wenzao.

Hata hivyo, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2002 ulitoa onyo. Faida kubwa ilionekana pale uhusiano ulipodumu mwaka mmoja au zaidi. Ulipovunjika ndani ya miezi michache ya mwanzo, baadhi ya vijana walipoteza hali ya kujiamini. Kwa mtoto aliyekwisha kufiwa au kuachwa, mlezi anayetoweka huongeza jeraha juu ya jeraha.

Kwa nini suala hili bado ni zito?

Takriban theluthi mbili ya Warundi wana umri wa chini ya miaka 25. Mgogoro wa kisiasa ulipozuka Aprili 2015, maandamano na vizuizi vya barabarani vilishuhudiwa tena katika mitaa kama Cibitoke, Ngagara na Musaga, na vijana ndio waliokuwa mstari wa mbele. Desemba mwaka huo, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2250, likizitaka nchi ziwashirikishe vijana katika kujenga amani.

Kwa mzazi au kiongozi wa mtaa anayeupima mpango wa ulezi, maswali matatu yanafaa kuulizwa. Je, mlezi ameahidi kukaa kwa muda gani, na nani atampokea kijana akiondoka? Je, tabia yake imechunguzwa na watu wanaomfahamu? Na je, mahali pa kukutania pako wazi kwa vijana wote, au ni pa upande mmoja tu?