Arusi ya Wafumaji wa Madurai na Habari za Kale



Katika nchi zetu nyingi, wazee wa upande wa mume wafikapo kuposa hawapewi jibu mara moja. Kwanza huulizwa: Ninyi ni nani? Ukoo wenu ni upi? Mmetoka wapi? Vijana waketio nyuma huona maneno hayo ni ya kupoteza wakati, nao hungojea chakula. Jioni hii nataka kuwaeleza habari za watu wa Bara Hindi ambao maswali ya namna hiyo yalikuwa ndiyo kitabu chao cha historia.

Watu hao ni Wasaurashtra, nao wafuata dini ya Kihindu. Wengi wao hukaa Madurai, mji wa kale sana katika nchi ya Watamil, kusini ya Bara Hindi. Kazi yao ya asili ni kufuma hariri. Majirani zao Watamil waliwaita Pattunulkarar, maana yake watu wa uzi wa hariri. Walakini jina lao wenyewe latoka mbali. Saurashtra ni rasi ya Gujarat, upande wa magharibi, katika pwani ile ambayo vyombo vyake vilileta nguo Kilwa na Mombasa kwa muda wa karne nyingi. Kutoka huko mpaka Madurai, kwa njia ya nchi kavu, ni zaidi ya maili 1,000. Basi, wafumaji hao walifikaje kusini?

Jibu lilitunzwa katika shughuli za ndoa. Ilikuwa desturi yao kwamba, jamaa za mume na jamaa za mke wakutanapo, yasemwe maneno maalum yaitwayo boula, ambayo yaeleza asili ya kabila na safari zake. Edgar Thurston, aliyeandika vitabu saba juu ya makabila ya kusini ya Bara Hindi, vilivyopigwa chapa mwaka 1909, alizitaja habari hizo. Maneno yenyewe yasema hivi kwa ufupi: tulikaa Saurashtra, tukahama tukaenda Devagiri, tukahama tena tukaenda Vijayanagara, mwisho tukaja Madurai. Kwa hiyo hapakuwa na mtoto aliyehudhuria arusi za jamaa zake asiisikie njia waliyopita babu zake.

Sasa mtu mwenye akili atauliza: Je, maneno ya arusini ni historia kweli? Mtu akiposa hujisifu. Swali hili ni la haki, nasi tulipime.

Kwanza, tutazame miaka. Mapokeo yao husema kwamba walitoka kwao kwa sababu ya vita vya Mahmud wa Ghazni, aliyeliteka hekalu la Somnath, pwani ya Saurashtra, mwaka 1026. Devagiri ulikuwa mji mkuu wa wafalme wa Yadava. Majeshi ya Usultani wa Delhi yaliuvamia mwaka 1296, na ufalme ule ukaisha muda mfupi baadaye. Vijayanagara nao uliangamizwa baada ya vita vya mwaka 1565. Kwa hiyo kila mji uliotajwa ni mji uliokuwa na enzi, kisha ukaanguka. Jambo hili lapatana na kazi yao, kwa kuwa mfuma hariri hawezi kuishi ila penye wafalme na matajiri wa kununua nguo zake. Mlinzi akianguka, fundi hukunja mtande wake akatafuta mlinzi mwingine. Hata Madurai wengi wao walikaa karibu na jumba la Tirumala Nayak, aliyetawala tangu mwaka 1623 hata 1659.

Pili, tuisikilize lugha yao. Nyumbani husema Kisaurashtra, ambacho asili yake si moja na Kitamil. Shina lake ni la kaskazini, nacho ni ndugu wa Kigujarati na Kimarathi. Ndani yake mna maneno mengi ya Kitelugu, lugha iliyosemwa sana katika milki ya Vijayanagara, na juu yake yameongezwa maneno ya Kitamil. Devagiri ulikuwa katika nchi ya Wamarathi. Basi, lugha yataja miji ile ile, kwa taratibu ile ile ya boula, wala lugha haina sababu ya kujisifu.

Tatu, liko jiwe. Mahali paitwapo Mandasor, katika nchi ya Malwa, palionekana maandiko yaliyochorwa mwaka 473, yaliyotungwa na mshairi Vatsabhatti. Yaeleza kwamba chama cha wafuma hariri kilihama kutoka Lata, yaani Gujarat ya kusini, kikajenga hekalu la Jua kwa mali yake, na baadaye kikalitengeneza tena. Jiwe halisemi kwamba watu hao ndio babu wa Wasaurashtra, wala sisi tusiliseme hilo kwa niaba yake. Lakini lashuhudia kwamba wafumaji kuhama kwa jumla, pamoja na chama chao na heshima yao, lilikuwa jambo la kale katika Bara Hindi.

Hata hivyo msidhani kwamba urithi wao ulikaa bila kubadilika. Wahindu wengi wa kaskazini wakataza mtu kuoa binti ya mjomba wake. Wasaurashtra walipokaa kusini walifuata desturi ya majirani, na binti ya mjomba akawa mchumba anayefaa. Kadhalika bibi arusi wao hufungwa shingoni tali, alama ya ndoa kwa Watamil. Walakini mwiko wa kuoa mtu wa gotra moja, yaani ukoo wa babu mmoja wa kale, waliushika. Waliipokea nchi mpya bila kuisahau ya zamani.

Tena boula ilikuwa na kazi nyingine. Wasaurashtra walidai kuwa ni Brahmani, kabila la makuhani, na majirani wengi walikataa: fundi wa nguo awezaje kuwa kuhani? Mwanzoni mwa karne ya 18, wakati Malkia Mangammal alipotawala Madurai, watu wao 18 walikamatwa kwa sababu walifanya ibada ya kubadili uzi mtakatifu ambao Brahmani huuvaa begani. Malkia aliwakusanya wataalamu wa sheria za dini, wakashauriana, kisha akatoa hati iliyoandikwa juu ya jani la mtende, kuwapa ruhusa ya kuzifuata ibada zile. Kwa hiyo maneno ya arusini yalikuwa pia hoja ya watu waliodharauliwa. Mwanahistoria hana budi kulikumbuka hilo, ayapime maneno, lakini asiyatupe.

Siku hizi wengi wa kabila hilo wameacha kitanda cha mfumi, wakashika kazi nyingine. Hata hivyo nguo za sungudi, ambazo hufungwa vifundo vidogo kwa uzi kabla ya kutiwa rangi, zajulikana bado kuwa nguo za Madurai.

Wasikilizaji, nilipokuwa kijana nilihudhuria posa moja. Mzee wa upande wa mume akataja vizazi saba na mito miwili waliyoivuka. Nilikuwa na kalamu mfukoni, wala sikuandika hata jina moja, maana nilidhani mzee yule yupo siku zote. Sasa hayupo, na wanawe watajua vizazi vitatu tu.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mjuao kusoma na kuandika: wazee waulizwapo tena, Mmetoka wapi, msingojee chakula. Andikeni jibu, kisha mlipime kwa lugha, kwa makaburi na kwa majina ya mahali, kama tulivyofanya hapa. Wafumaji wa Madurai walipoteza miji mitatu, lakini njia hawakuipoteza, kwa sababu kila arusi iliwalazimu kuitaja.