SpamAssassin: programu ya bure ile inachuja imeli za takataka, na namna makosa yake yanatengenezwa

SpamAssassin ni programu ya ordinatere ile inasoma imeli mbele ifike mu sanduku ya mutu, na kupima kama ni barua ya kweli ao ni spamu. Spamu njo yale matangazo na barua za udanganyifu zinazotumwa kwa watu elfu na elfu bila wao kuziomba. Programu hiyo haiuzwi. Kode yake iko wazi: kila mutu anaweza kuisoma, kuibadilisha na kuitumia bila kulipa hata franka moja. Inakaa ku serveri, ni kusema ile mashini inayopokea barua za buro, za masomo ao za kampuni. Watu mingi wanaitumia bila kujua jina lake, sababu makampuni mengi ya kuweka tovuti yanaitoa pamoja na huduma ya imeli.

Kwa mutu wa Bukavu, Goma, Bunia ao Kalemie, jambo hili haliko la mafundi peke yao. Chujio ikikosea upande mumoja, barua ya mwizi inapita na inafika kwa mutu anayeweza kuiamini. Ikikosea upande mwengine, jibu la kazi, la burse ya masomo ao la mufadhili linaanguka mu sanduku ya spamu, na mwenyewe hajui hata kama lilifika. Kosa la pili njo baya zaidi, sababu halionekani. Watengenezaji wa chujio wote wanajua hivyo: afazali spamu kumi zipite kuliko barua moja ya kweli ipotee.

Spamu ilianza wapi

Barua ya kwanza ya aina hii inayojulikana ilitumwa tarehe 3 Mei 1978 ku ARPANET, mutandao wa Marekani uliotangulia intaneti. Gary Thuerk, mutu wa mauzo wa kampuni ya DEC, alialika watu karibu 400 kuja kuangalia ordinatere mupya. Mu Aprili 1994, wanasheria wawili wa Marekani, Canter na Siegel, walitupa tangazo lao la karatasi za kuishi Marekani mu makundi mengi ya mazungumzo ya Usenet. Jina lenyewe linatoka ku nyama ya mikebe iitwayo SPAM, kupitia muchezo wa kuchekesha wa Monty Python wa mwaka 1970, ambamo jina la nyama hiyo linarudiliwa mpaka mazungumzo yanafunikwa.

Justin Mason, mutengenezaji wa programu kutoka Irelandi, alikuwa akirekebisha chujio kidogo kilichoandikwa na Mark Jeftovic mu 1997. Kisha aliandika yake upya kabisa, kwa lugha ya Perl, na kuiweka wazi tarehe 20 Aprili 2001. Mu 2004 kazi hiyo iliingia chini ya Apache Software Foundation, shirika linalosimamia programu nyingi za kode wazi. Toleo la 4.0.0 lilitoka mu Desemba 2022.

Namna inafanya kazi: pointi

SpamAssassin haiamui kwa alama moja. Iko na mamia ya kanuni ndogo, na kila kanuni iko na pointi zake. Kanuni moja inaangalia kama kichwa cha barua kimeandikwa chote kwa herufi kubwa. Ingine inaangalia kama saa na tarehe zinaonekana kweli. Ingine inauliza ku orodha za intaneti kama anwani ya mashini iliyotuma inajulikana kwa kutuma takataka. Ingine inaangalia SPF na DKIM, alama mbili zinazosaidia kujua kama barua inatoka kweli ku serveri ya yule anayesema ameituma. Kuko pia kanuni zinazoondoa pointi, pale barua inaonyesha alama nzuri.

Kisha hesabu inafanywa. Kwa kawaida, barua ikifika pointi 5, inaitwa spamu. SpamAssassin yenyewe haitupi barua. Inaitia tu alama mu mistari ya juu ile watu hawaonekeshwi kila siku, na mustari wa X-Spam-Status unaandika pointi zote na majina ya kanuni zilizoguswa. Ni mwenye kusimamia serveri njo anaamua: kuiweka pembeni, kuikataa, ao kuiacha ipite.

Kuko sehemu ingine inayojifunza. Inaitwa Bayes, kwa jina la Thomas Bayes, mwanahesabu Mwingereza wa miaka ya 1700. Mu Agosti 2002, Paul Graham aliandika makala iliyofanya njia hii ijulikane sana. Programu inahesabu kila neno linaonekana mara ngapi mu spamu na mara ngapi mu barua za kweli, halafu inapima barua mupya kufuatana na hesabu hiyo. Lakini haianzi kusema kitu mpaka ifundishwe: kwa kawaida inahitaji spamu 200 na barua za kweli 200. Kufundisha kunafanywa kwa amri inayoitwa sa-learn. Mutu akiifundisha vibaya, kwa mufano akitupa mu spamu barua za matangazo alizojiandikisha mwenyewe, itajifunza vibaya vilevile.

Nani anapanga pointi

Pointi hazipangwi kwa kukisia. Watu wa kujitolea mu inchi mbalimbali wanatenga barua zao kwa mikono mu mafungu mawili: spamu na za kweli. Kila usiku, programu inapitisha kanuni zote juu ya mafungu hayo. Barua zinabaki kwao. Kinachotumwa ku mradi ni matokeo tu, ni kusema kanuni gani iligusa barua ngapi za kila fungu. Kazi hiyo inaitwa mass-check. Kanuni inayogusa spamu tu ni nzuri. Kanuni inayogusa pande zote mbili haina faida, hata kama aliyeiandika anaipenda. Kisha ordinatere inatafuta pointi zinazotenga mafungu hayo vizuri zaidi, na kanuni mupya zinafikia serveri kupitia amri ya sa-update.

Kosa la tarehe 1 Januari 2010

Mufano unaojulikana zaidi wa kosa ndani ya SpamAssassin uko na jina: FH_DATE_PAST_20XX. Hii ilikuwa kanuni iliyotafuta barua zenye tarehe ya mbele sana, sababu watuma-spamu walikuwa wanaandika tarehe za uongo ili barua zao zikae juu mu sanduku. Aliyeiandika alisema: mwaka wowote kuanzia 2010 mpaka 2099 uko mbali. Wakati kanuni iliandikwa, ilikuwa kweli. Mass-check ilionyesha kwamba inagusa spamu tu, na ikapewa pointi mingi: kati ya 2 na 3.6, kufuatana na namna serveri imepangwa.

Kisha mwaka 2010 ukafika. Usiku ule, kila barua ya kweli duniani ilikuwa na tarehe ya 2010, na kila moja ikabeba pointi hizo bila sababu. Barua iliyokuwa na pointi 2 kwa kosa ingine ndogo sasa iliruka 5 na kuanguka mu spamu. Watengenezaji walitangaza jambo hilo siku ileile na kutoa kanuni iliyorekebishwa. Wale walioweza kuandika sa-update walipona. Wengine waliandika mustari mumoja mu faili ya local.cf, kuipa kanuni hiyo pointi 0.

Kuko jambo moja la kuumiza zaidi. Kosa lilikuwa limekwisha kuonekana mbele, na kode ya watengenezaji ilikuwa imekwisha kurekebishwa. Lakini marekebisho hayo hayakusukumwa ku toleo ambalo watu walikuwa wanatumia. Tangu hapo mufano huo unatajwa mara mingi: kosa halijatengenezwa mpaka dawa ifike kwa mugonjwa.

Namna fundi anatafuta kosa

Mutu anayesimamia serveri haitaji kuwa mwandishi wa kode ili atafute kosa. Hatua ziko wazi.

Kwanza, asome mustari wa X-Spam-Status wa barua iliyokosewa. Majina ya kanuni yako pale, na mara mingi jibu liko pale pia.

Pili, atumie amri ya spamassassin --lint. Inasoma faili zote za kanuni na kusema kama kuko mustari ulioandikwa vibaya.

Tatu, apitishe barua ileile ndani ya spamassassin -D. Herufi D inaiomba ieleze kila hatua inayofanya: orodha gani iliuliza, jibu gani lilirudi, sehemu gani haikupatikana.

Ine, kama anataka tu kujua kama chujio iko nzima, ajitumie GTUBE. Hii ni sentensi ya herufi 68 iliyotengenezwa kwa majaribio. Barua iliyo nayo inapewa pointi 1000.

Kosa moja linaonekana sana ku serveri ndogo: alama ya URIBL_BLOCKED. Maana yake, serveri inauliza orodha za spamu kupitia DNS ya watu wote, kama ile ya Google, na wenye orodha wanakataa kujibu sababu maswali yanayotoka pale ni mengi mno. Dawa ni kuweka DNS ndogo ndani ya serveri yenyewe. Kosa ambalo haliko mu mipango ya fundi, bali mu kode, linaandikwa mu Bugzilla ya mradi pamoja na barua ya mufano, na kila mutu anaweza kufuata mpaka linafungwa.

Kiswahili, na barua kutoka Kongo

SpamAssassin iko na kipande kinachoitwa TextCat, chenye kutambua lugha ya barua, na Kiswahili kimo mu orodha yake. Kipande hicho hakifanyi kazi mpaka fundi akiwashe. Lakini fundi akikiwasha na kuandika kwamba lugha zinazokubaliwa ni Kifaransa na Kiingereza tu, barua ya Kiswahili itabeba pointi juu ya lugha yake, hata ikiwa ya mama anayeuliza habari za mutoto wake. Dawa ni kuongeza herufi mbili tu, sw, mu mustari wa ok_languages.

Kuko pia kundi la kanuni za ADVANCE_FEE, zinazotafuta zile barua za kuahidi mamilioni ya dola ili mutu atume kwanza pesa kidogo. Kwa miaka mingi wezi wa namna hii walijifanya jamaa ya Mobutu wenye mali iliyofichwa. Kwa hiyo maneno kama dola, benki, vita ao dhahabu yanaonekana mu barua zao, na pia mu barua za kweli za watu wa mashariki ya Kongo. Juu ya hiyo kanuni haziangalii neno moja: zinahesabu maneno mengi ya hatari pamoja ndani ya barua moja.

Chujio inayojifunza inajua tu kile ilichoonyeshwa. Kama hakuna mutu wa kuipa barua za Kiswahili za kweli, itapima Kiswahili kwa macho ya mugeni. Shirika lenye serveri yake linaweza kuifundisha kwa sa-learn kwa kutumia barua zake lenyewe. Mutu mwenye sanduku ya kawaida anaweza kufungua folda ya spamu mara moja kwa wiki, na akikuta barua ya kweli, abonyeze «si spamu» kuliko kuihamisha tu. Ku huduma nyingi, kubonyeza huko njo kunafundisha chujio.